Somo la 14: Madigadi ya Pikipiki na Jinsi ya Kuzuia Matope na Maji

Utangulizi

Katika somo lililopita tulijifunza jinsi gurudumu linavyopunguza msuguano na kurahisisha kazi ya kusafirisha watu na mizigo. Leo tutalitazama gurudumu hilo hilo wakati wa mvua.

Katika mikoa ya pwani na ya kaskazini ya nchi yetu, mvua za masika hunyesha kuanzia mwezi wa Machi hadi Mei, na mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakati huo barabara nyingi hujaa madimbwi na matope. Bila shaka mmekwisha kumwona mwendeshaji wa pikipiki akishuka safarini. Viatu vyake vimejaa matope, miguu ya suruali yake imelowa, na pengine mgongoni mwa abiria wake pana mstari wa matope uliopanda mpaka shingoni. Mwendeshaji huyo hakuanguka dimbwini. Matope hayo yalirushwa na magurudumu ya pikipiki yake mwenyewe.

Juu ya kila gurudumu la pikipiki pana bamba lililopinda ambalo kazi yake ni kuzuia matope na maji. Bamba hilo huitwa madigadi. Kama madigadi ipo, kwa nini bado mwendeshaji huchafuka? Tone la maji likitoka katika tairi huelekea wapi? Tukiweza kujibu maswali haya mawili, tutajua pia mahali panapofaa kuongezewa kinga, na mahali ambapo kinga yenyewe yaweza kuleta hatari.

Maji hushika tairi

Chovya kidole chako katika maji, kisha kitoe. Utaona tone limening'inia kwenye ncha ya kidole. Tone hilo halianguki mara moja kwa sababu maji hunata kidogo juu ya vitu vingi. Matope hunata zaidi kuliko maji, hasa matope ya udongo wa mfinyanzi.

Sasa kumbuka unavyofanya baada ya kunawa mikono ikiwa hapana kitambaa cha kujifutia. Huikung'uta. Unaipeleka mikono kwa haraka, kisha unaisimamisha ghafula. Mikono husimama, lakini matone huendelea na safari yake. Hivyo tunajifunza kwamba kunata kwa maji kuna mpaka. Nguvu ndogo haiwezi kuyaondoa, lakini mwendo ukibadilika ghafula, matone huachia.

Tairi la pikipiki lina mifereji. Mifereji hiyo haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Barabara ikiwa na maji, mifereji huyapisha maji ili mpira upate kuigusa barabara na kuishika. Tairi lililokwisha, ambalo mifereji yake imesagika, huteleza kwa urahisi juu ya lami iliyolowa. Kwa hiyo tairi zuri ni lile linalopisha maji mengi. Lakini maji hayo yanayopishwa lazima yaende mahali. Mengine husukumwa pembeni, na mengine huinuliwa na tairi na kuzunguka nalo.

Kazi ya 1: Kitu kinachozunguka kikiachiwa

*Vifaa:* Kitambaa kikuukuu kilichoviringwa na kufungwa kuwa mpira mdogo, pamoja na kamba nyembamba yenye urefu wa mita 1. Msitumie jiwe.

*Njia:* Nendeni uwanjani mahali penye nafasi. Fungeni mpira wa kitambaa kwenye ncha ya kamba. Mwanafunzi mmoja auzungushe mpira huo juu ya kichwa chake, na wengine wakae mbali wakitazama. Mwalimu akisema "Achia!", mwanafunzi aiachie kamba. Rudieni mara 4.

*Tazameni:* Je, mpira uliendelea kuzunguka baada ya kamba kuachiwa? Je, uliruka kwa mstari uliopinda au kwa mstari mnyoofu?

*Maelezo:* Kamba ilikuwa ikiuvuta mpira kuelekea mkononi wakati wote. Mvuto huo ndio uliouzungusha. Mvuto ulipokoma, mpira ulikwenda moja kwa moja kuelekea upande ule ule uliokuwa ukielekea wakati kamba ilipoachiwa. Ukitazamwa kutoka juu, ungeonekana ukifuata mstari mnyoofu. Baadaye uvutano wa dunia uliuteremsha chini.

Mwaka 1687, mtaalamu wa Uingereza aitwaye Isaac Newton alichapisha kitabu kilichoeleza kanuni za mwendo. Kanuni ya kwanza yasema kwamba kitu kinachokwenda huendelea kwenda kwa mwendo ule ule katika mstari mnyoofu, isipokuwa kama nguvu fulani itakilazimisha kubadili mwendo wake. Mpira wa kitambaa na tone la matope vyote hufuata kanuni hiyo moja.

Watu wengi hudhani kwamba gurudumu hulisukuma tone liende nje. Sivyo. Ili tone lizunguke pamoja na tairi, lazima livutwe kuelekea katikati ya gurudumu. Kunata ndiko kunakofanya kazi ya kamba. Kunata kusipotosha, tone huachia na kwenda zake kwa mstari mnyoofu.

Mwendo na matope

Gurudumu likizunguka polepole, nguvu ndogo hutosha kulishika tone. Likizunguka kwa kasi, nguvu kubwa hutakiwa. Mwendo ukizidi mara 2, nguvu inayotakiwa huzidi mara 4. Mwendo ukizidi mara 3, nguvu hiyo huzidi mara 9. Lakini kunata kwa maji hakuongezeki. Ndiyo maana pikipiki inayokwenda polepole hudondosha matone chini, na pikipiki inayokwenda kasi huyarusha mbali.

Tufanye hesabu. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 60 lina mzingo wa sentimita 188 hivi. Pikipiki ikienda kilomita 36 kwa saa, huenda mita 10 kwa kila sekunde. Kwa hiyo gurudumu hilo huzunguka zaidi ya mara 5 katika sekunde moja. Tone likiachia tairi likielekea juu, huanza safari yake kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde. Kama hewa isingalilizuia, tone hilo lingaliweza kupanda kiasi cha mita 5, yaani juu kuliko mapaa ya nyumba nyingi za vijijini.

Kazi ya 2: Gurudumu la baiskeli

*Vifaa:* Baiskeli isiyo na madigadi ya mbele, kopo la maji, gazeti kuukuu, na kipande cha katoni chenye urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 12.

*Njia:*

1. Pindueni baiskeli isimame juu ya kiti na usukani wake. Mwanafunzi mmoja aishike imara.
2. Shikilieni ukurasa mmoja wa gazeti mbele ya gurudumu la mbele, na mwingine nyuma yake.
3. Zungusheni gurudumu polepole kwa mkono. Mimineni maji kidogo kidogo juu ya tairi. Tazameni maji yanakwenda wapi.
4. Zungusheni gurudumu kwa kasi. Mimineni maji tena. Tazameni alama za matone juu ya gazeti.
5. Pindeni katoni ifuate mviringo wa gurudumu. Mwanafunzi mmoja aishikilie karibu na tairi bila kuligusa. Rudieni hatua ya 4 kwa kutumia kurasa mpya.

*Angalizo:* Msitie vidole kati ya njiti za gurudumu linalozunguka. Kazi hii ifanywe kwa baiskeli peke yake. Ni marufuku kuifanya kwa pikipiki ambayo injini yake inanguruma.

*Andikeni matokeo:* Ni wakati gani gazeti lilipata matone mengi zaidi? Katoni ilipowekwa, maji yaliyoigonga yalikwenda wapi?

*Maelezo:* Katoni haikuyafanya maji yatoweke. Iliyakatiza njia tu. Maji yaliigonga, yakapoteza mwendo, kisha yakachuruzika mpaka kwenye ukingo na kudondoka chini. Hiyo ndiyo kazi yote ya madigadi: kukaa katika njia ya matone, kuupokea mwendo wao, na kuyateremsha chini polepole.

Kazi ya 3: Kuchora njia ya matone

Sasa tutachora gurudumu la mbele la pikipiki inayoelekea upande wa kulia. Katika mchoro wetu sentimita 1 ni sawa na sentimita 10 za kweli.

1. Choreni duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 3. Hilo ni gurudumu. Chini yake choreni mstari wa ardhi unaoligusa duara.
2. Tieni alama kama za uso wa saa: 12 juu, 3 kulia, 6 chini, na 9 kushoto. Kati ya 6 na 9 tieni alama za 7 na 8, zikiligawa pande hilo katika sehemu 3 zilizo sawa.
3. Upande wa kushoto choreni mstatili. Huo ni injini. Ukingo wake wa kulia uwe sentimita 5 kutoka katikati ya duara. Uanzie sentimita 2 juu ya mstari wa ardhi na kufika sentimita 6 juu ya mstari huo.
4. Pikipiki ikienda kulia, gurudumu huzunguka kama mishale ya saa. Kwenye alama ya 7 choreni mstari mnyoofu unaopanda kuelekea kushoto, na unaofanya pembe mraba na mstari utokao katikati ya duara. Mwaweza kutumia kona ya daftari kupata pembe mraba. Fanyeni vivyo hivyo kwenye alama ya 8. Kwenye alama ya 9 mstari utakwenda juu moja kwa moja.

Mistari hiyo ni njia za matone, kama anavyoziona mtu aliyepanda pikipiki. Njia hizi ni fupi na matone yana kasi, kwa hiyo uvutano wa dunia haupati nafasi ya kuzipinda sana. Tazameni mistari ya 7 na 8. Yote miwili inaigonga injini. Mstari wa 7 unaigonga chini, na mstari wa 8 unaigonga juu.

5. Sasa choreni madigadi. Kutoka katikati ile ile, choreni tao lenye nusu kipenyo cha sentimita 3.6, lianzie alama ya 1, lipite juu ya 12, na kuishia usawa wa alama ya 9.

Ni mistari ipi inayoigonga madigadi? Mkichora vizuri mtaona kwamba mstari wa 9 umezuiwa, na mstari wa 8 umezuiwa karibu kabisa na ukingo wa chini. Lakini mstari wa 7 unapita chini ya madigadi na kuigonga injini kama kwanza.

6. Refusheni tao la madigadi kwenda chini kwa sentimita 2. Tazameni tena mstari wa 7.

Kipande hicho cha sentimita 2, ambacho ni sentimita 20 za kweli, kimetosha kuuzuia mstari wa 7. Hili ndilo jibu la swali letu. Mwendeshaji huchafuka hata kama pikipiki yake ina madigadi, kwa sababu madigadi nyingi huishia juu mno. Matone mengi huachia mapema, mara tu tairi linapoinuka kutoka barabarani. Bamba lenye urefu wa kiganja na nusu, likiwekwa mahali pake, hufaa kuliko bamba kubwa lililowekwa mahali pasipo na matone.

Matone ya mbele na ya nyuma

Tone linaloachia kwenye alama ya 12 huelekea mbele. Likitazamwa na mtu aliyesimama kando ya barabara, huenda kwa mwendo ulio mara 2 ya mwendo wa pikipiki. Hata hivyo hewa hulipunguza mwendo upesi, na pikipiki hulifikia. Hapo tone humpiga mwendeshaji usoni. Tone lenye mchanga likiingia jichoni, mtu hufumba macho bila kupenda. Kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde, mtu akifumba macho kwa sekunde 2 amekwenda mita 20 bila kuona. Ndiyo maana sehemu ya juu ya madigadi ya mbele haifai kuondolewa, na ndiyo maana kofia ngumu yenye kioo cha kukinga uso ni ya lazima.

Gurudumu la nyuma nalo hurusha matone kuelekea nyuma na juu. Matone hayo humchafua abiria mgongoni, hufunika taa nyekundu ya nyuma na namba ya pikipiki, na kumpiga usoni mwendeshaji anayefuata. Dereva wa gari asipoiona taa ya nyuma wakati wa mvua, huenda akaigonga pikipiki iliyo mbele yake.

Mashine yenyewe pia huumia. Injini za pikipiki nyingi hupozwa na hewa ipitayo kati ya mapezi yake ya chuma. Matope yakikauka kati ya mapezi hayo, injini hupata moto kupita kiasi. Mchanga ukichanganyika na mafuta ya mnyororo, huusaga mnyororo na meno yake kama msasa.

Vifaa vya kuongezea madigadi

Vifaa vinavyotumika sana ni hivi vitatu:

*(a) Kipande cha kurefusha madigadi ya mbele.* Hufungwa kwenye ukingo wa chini wa madigadi, nyuma ya gurudumu. Huikinga injini na miguu ya mwendeshaji.

*(b) Mpira wa nyuma.* Huu huning'inia kwenye ncha ya madigadi ya nyuma. Huwakinga watu na magari yanayofuata.

*(c) Bamba dogo la ndani.* Hili hukaa karibu na gurudumu la nyuma, upande wa mbele wake, na hupanda na kushuka pamoja na gurudumu. Huzikinga shokapu na sehemu za chini ya kiti.

Vifaa (a) na (b) vyaweza kutengenezwa kwa mpira mnene au plastiki laini, kwa mfano ya dumu kuukuu. Mpira hufaa kuliko bati. Katika mchoro wetu ncha ya chini ya kipande kilichoongezwa iko kiasi cha sentimita 11 tu juu ya ardhi. Ikigonga jiwe, mpira utapinda na kurudi. Bati litakunjika, na pengine litaingia kwenye gurudumu.

Kazi ya kufunga ni ya fundi. Fundi hupima kipande, hukikata, hutoboa matundu, kisha hukifunga kwa boliti, washa pana na nati. Washa pana huzuia mpira usichanike. Vichwa vya boliti huelekezwa upande wa tairi, na ncha ndefu upande wa nje, ili zisije zikalikata tairi. Baadaye fundi huinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono mzunguko mzima. Lisipogusa popote, huishusha pikipiki, huibonyeza upande wa mbele kwa nguvu, na kuhakikisha kwamba kipande hakigongi injini wala bomba la moshi.

Kinga yaweza kuwa hatari

Someni mazungumzo haya kati ya mwendeshaji na fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana wangu. Nikusaidie nini?"

"Naomba uishushe madigadi ya mbele ilikaribie tairi kabisa. Nimechoka na matope."

"Unapita njia gani kila siku?"

"Napita mbugani, kwenye ule udongo mweusi."

"Basi sitaishusha. Udongo ule hunata kama gundi. Utajaa kati ya tairi na madigadi, na gurudumu la mbele litakwama. Je, likikwama ukiwa umempakia mama na mtoto?"

"Tutaanguka, fundi."

"Naam. Kwako wewe nitaacha nafasi kubwa, nitafunga mpira laini, nawe utachukua kijiti cha kukwangulia matope. Bora suruali ichafuke kuliko mfupa uvunjike."

Fundi huyo alisema kweli. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule unaopatikana katika sehemu nyingi za Usukuma, ni mfinyanzi mzito. Ukilowa huganda juu ya tairi tabaka juu ya tabaka. Pikipiki zilizotengenezwa kwa ajili ya njia za matope zina madigadi ya mbele iliyoinuliwa juu sana ya tairi, ili matope yapate nafasi ya kupita. Katika barabara ya lami au ya changarawe, ambako maji ni mengi kuliko udongo unaonata, madigadi iliyo karibu na tairi haina matata. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kinga, lazima tuujue udongo.

Mambo ambayo madigadi haiwezi kufanya

Tairi likiingia katika dimbwi, huyasukuma maji pembeni kwa nguvu. Maji hayo hayakunata juu ya tairi wala hayakuzunguka nalo. Hutoka moja kwa moja kando, chini ya madigadi. Hakuna madigadi ya pikipiki iwezayo kuyazuia. Maji hayo ndiyo yanayowalowesha wanafunzi waendao shule kwa miguu kando ya barabara, yakachafua sare na daftari zao. Dawa yake ni moja tu: mwendeshaji apunguze mwendo kabla ya kufika dimbwini. Akipunguza mwendo huona pia kama dimbwi limeficha shimo, na breki zake hazilowi sana.

Nanyi mtembeao kwa miguu, tembeeni upande wa kulia wa barabara mkiyakabili magari yanayokuja. Mkiona dimbwi mbele na pikipiki inakuja, simameni kando mpaka ipite.

Muhtasari

1. Maji na matope hunata juu ya tairi na kuzunguka nalo. Mwendo ukizidi, kunata hakutoshi, na matone huachia.
2. Tone likiachia huenda kwa mstari mnyoofu.
3. Madigadi huikatiza njia ya tone na kuyateremsha maji chini.
4. Kipande kifupi kilichoongezwa upande wa chini, nyuma ya gurudumu, huzuia matone mengi.
5. Penye udongo unaonata, lazima pawe na nafasi kubwa kati ya tairi na madigadi.
6. Maji yanayorushwa pembeni hupunguzwa na mwendo wa polepole.

Msamiati

*Madigadi:* bamba linalofunika sehemu ya juu ya gurudumu ili kuzuia matope.
*Mzingo:* urefu wa kuzunguka duara.
*Shokapu:* chombo cha pikipiki au gari kinachopunguza mtikisiko.
*Tao:* sehemu ya mzingo wa duara.

Maswali

1. Kwa nini tairi la pikipiki lina mifereji?
2. Eleza kwa nini tone haliendelei kuzunguka baada ya kuachia tairi.
3. Gurudumu lenye mzingo wa sentimita 190 huzunguka mara ngapi katika safari ya mita 19?
4. Pikipiki ilikuwa ikienda kilomita 20 kwa saa. Sasa inakwenda kilomita 40 kwa saa. Nguvu inayotakiwa kulishika tone juu ya tairi imezidi mara ngapi?
5. Taja madhara 3 yanayotokea taa ya nyuma, injini na mnyororo vikijaa matope.
6. Kwa nini mpira hufaa kuliko bati kwa kurefusha madigadi?
7. Mwendeshaji mmoja hupita barabara ya lami, na mwingine hupita mbugani. Je, fundi awafungie kinga ya namna moja? Toa sababu.

Kazi ya nyumbani

Tafuta baiskeli au pikipiki iliyosimama ambayo injini yake imezimwa na kupoa. Omba ruhusa ya mwenyewe kwanza. Pima kipenyo cha gurudumu la mbele, nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi, na kimo cha ukingo wa chini wa madigadi kutoka ardhini. Tazama mahali matope yaliposhika zaidi. Chora gurudumu hilo katika daftari lako kama tulivyofanya katika Kazi ya 3, na uoneshe kwa mistari matope hayo yalitoka sehemu gani ya tairi. Mweleze mwenye chombo ulichokiona, kisha ulieleze darasa.